Kiti Kinachotazama Mlango

9 Januari

Mwanangu Kijiti,

Habari za huko? Huku sote wazima, ukiondoa magoti ya babu yako. Tangu ayapake ile dawa uliyomtumia, yamekuwa na maneno mengi kuliko yeye mwenyewe. Anakusalimia. Kazi ipo. Daktari wa meno ameniletea makochi yote ya chumba chake cha kusubiria niyavishe upya. Wagonjwa wameyachana kwa kucha, na kwa ninavyomjua daktari huyo sishangai.

Sasa nisikilize vizuri. Usinipigie simu tena. Kwenye simu unacheka, unasema "hee, Mamdogo", halafu nikiuliza swali mtandao unakatika. Sijawahi kuona mtandao unaojua maswali namna hiyo. Niandikie barua. Kwenye karatasi hakuna mtandao.

La pili, nimeanza darasa la Kichina. Ndiyo, mimi. Huwezi kuolewa na mtoto wa watu halafu mimi nikafika pale nimekaa kama gunia. Darasa lipo juu ya duka la vipuri vya magari, unapanda ngazi ya chuma, chumba kinanuka grisi. Mwalimu wetu alikwenda kule kusomea udaktari wa mifugo, akarudi na cheti, na mpaka leo hajatibu hata kuku. Lakini Kichina anacho. Tatizo ni wanafunzi wenzangu. Wote wanakwenda kununua mzigo. Yupo Betri, anauza simu. Yupo Mama Nywele wa mawigi. Kwa hiyo tunafundishwa bei tu: hiki kiasi gani, ghali mno, punguza kidogo. Nimewaambia mimi naenda kuozesha mtoto, hiyo "punguza kidogo" nitamwambia nani? Betri akanijibu, "Fundi, hata wakwe wanapunguzwa." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Na kuna hili limenikera kupita kiasi. Mwalimu anasema mtu akikusifu inabidi umkatalie. Unasema "nali nali", yaani wapi, sivyo kabisa. Mtu aniambie kochi langu zuri niseme wapi, sivyo? Kochi nililong'oa misumari ya fundi aliyenitangulia mmoja mmoja kwa koleo? Mimi nitasema ahsante na nitanyoosha shingo. Uniambie kama ni lazima.

Niandikie mambo ya harusi, yote. Nataka kujua kila kinachotakiwa kufanywa na mama wa bibi harusi.

Mama yako mdogo


2 Februari

Shikamoo Mamdogo,

Natumaini wewe na Babu hamjambo. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma kazini wakati wa chakula, nimecheka mpaka meneja akauliza kuna nini. Nikamwambia mama yangu mdogo anakataa kukataa sifa. Hakuelewa, lakini naye akacheka. Kiwandani vigae vinatoka usiku na mchana, wanunuzi wanakuja kila wiki, na mimi nawatafsiria mpaka sauti inakauka. Mchumba wangu mzima, anatengeneza lifti za jengo lenye ghorofa nyingi, akirudi nyumbani ana grisi mpaka masikioni. Mama yake anakusalimia. Yule mama alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, na mpaka leo hata jikoni hasogei kabla hajageuka kuangalia nyuma.

Haya, mambo yenyewe. Nali nali ni lazima, Mamdogo, samahani sana. Kila kitu unapokea kwa mikono miwili, na hilo wewe ulinifundisha kabla sijajua kutembea. Ukitoa zawadi wataikataa, mara ya kwanza na ya pili. Nakujua. Usiirudishe mkobani ukanuna. Wewe endelea kuisukuma tu, wanataka. Usimpe mtu saa ya ukutani, kwao inanuka msiba. Vijiti vya kulia usivichomeke katikati ya wali vikasimama, huo nao ni msiba. Ukigonganisha glasi na mkubwa wako, ya kwako ishushe iwe chini ya yake.

Na hili utalipenda. Hawa watu hawachanganyi ndugu. Mama mdogo ana neno lake, "shiao yi", na shangazi ana lake, mjomba lake, hata aliyemtangulia mwenzie kuzaliwa anajulikana kwenye neno. Nilipomwambia mama mkwe kwamba na sisi ni hivyo hivyo, alipiga paja kwa furaha. Mama hata kwa Kichina ni mama. Hilo huna haja ya kulisomea.

Harusi ni mwezi wa tisa. Tiketi yako ameshasema bwana harusi ni juu yake, usibishe. Mambo ya ukaaji mezani nitakueleza baadaye.

Mwanao, Kijiti


27 Februari

Mwanangu Kijiti,

Hatujambo. Babu yako amegombana na redio, anasema msomaji wa habari amemdharau. Makochi ya daktari nimemaliza. Nimeweka sponji ngumu ili wagonjwa wasikae sana.

Hukunieleza ukaaji, basi nimejieleza mwenyewe. Nilimwambia Mwalimu, wewe, wiki nzima "punguza kidogo", siku moja tufundishe karamu. Akakubali shingo upande. Tukabeba meza ya duara kutoka dukani kwa watu wa vipuri, ile wanayowekea makopo ya oili, tukaipandisha ngazi, Betri analia mgongo. Tukazungusha viti. Mwalimu akatueleza: kiti kinachotazama mlango ndicho cha mkubwa. Anayekaa kuupa mlango mgongo, huyo ni wa mwisho, sahani zinampitia juu ya bega. Na kile kikubwa hukikalii hivi hivi. Unakataa, unasukumwa, unakataa, unasukumwa. Mama Nywele alikataa kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Betri akakaa bila kukataa hata kidogo, Mwalimu akamtoa. Mimi nilikataa mara mbili, ya tatu nikakaa. Mwalimu akasema nimekaa kama niliyezaliwa hapo. Kiti chenyewe kilikuwa hovyo, kitambaa kimelegea, lakini nilikaa.

Halafu akatufundisha chai ya harusi. Kwamba maharusi wanapiga magoti na kuwapa wazazi chai, na wazazi wakishakunywa ndiyo mtoto ameolewa kweli. Wakanifanya mimi mama wa bibi harusi. Kiti cha pembeni cha baba tulikiwekea mkoba wangu, maana baba yako sote tunajua alipo. Alitoka kwenye msiba wa dada yangu na begi lake, akasema anakwenda kutafuta maisha, akayapata, na hakurudi hata kutuonyesha. Mama Nywele akawa ndiye wewe. Akapiga magoti, mama wa watu na uzito wake wote, akanishikia kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Mama, he cha." Mama, kunywa chai.

Sikufichi, nililia. Nikawaambia chai ya moto. Ilikuwa maji ya bombani.

Kwa hiyo sasa niambie sawasawa. Chai nitapewa kabla ya chakula au baadaye? Na kiti cha pembeni yangu mtamweka nani, au nibebe mkoba mkubwa zaidi? Gauni nimeshashona, zambarau. Jibu haraka.

Mama yako mdogo


20 Mei

Shikamoo Mamdogo,

Najua nimechelewa mno kujibu. Kiwandani kulikuwa na kazi nyingi, halafu nikaugua mafua, halafu tukahama chumba. Babu hajambo? Mwambie redio nyingine nitamtumia, yenye msomaji mwenye adabu. Mvua zimeanza huku. Bwana harusi alikwama kwenye lifti aliyokuwa anaitengeneza mwenyewe, ikabidi aitwe fundi mwingine, amecheka na wenzake lakini roho inamuuma.

Nimefurahi kusikia darasa linakwenda vizuri. Zambarau ni rangi nzuri.

Kuhusu kukaa, nimekupangia meza ya rafiki zangu wa kiwandani. Ni watu wazuri sana, mmoja anajua maneno machache ya lugha yetu, hutakuwa mpweke. Iko karibu na mlango, kwa hiyo utapata hewa, na miguu ikichoka unaweza kutoka nje bila kumsumbua mtu. Mambo ya chai usihangaike nayo. Yale ni ya kifamilia na yana urefu, yatakuchosha bure.

Tiketi itakufikia mwezi wa nane. Nisalimie wote.

Kijiti


8 Juni

Kijiti,

Babu yako mzima. Salamu zimeishia hapo.

"Ni ya kifamilia." Umeyaandika wewe haya, kwa mkono wako, mwandiko niliokufundisha mimi kwa chaki nyuma ya mbao za makochi? Nimeisoma barua nikaikunja, nikaenda karakana, nikashika koleo nikang'oa misumari ya kochi la watu nililolimaliza jana yake. Ilinibidi nilivishe upya. Na nilipomaliza nilikuwa bado nina hasira.

Hewa! Nani alikuomba hewa? Nimekwambia lini miguu yangu inauma? Miguu inayouma ni ya babu yako. Mimi nasimama kutwa nzima na nyundo mkononi na misumari mdomoni, leo wewe unaniweka karibu na mlango nitoke bila kusumbua mtu!

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekuandikia karatasi nzima kuhusu kile kiti. Nimekwambia nani anakaa kuutazama mlango na nani anaupa mgongo. Umesoma, umekaa kimya tangu mwezi wa pili, umeugua mafua, umehama chumba, umefikiri, kisha ukaniweka mlangoni. Mwingine ningesema hajui. Wewe ni mkalimani. Kazi yako ni kujua.

Sitaki habari za mvua. Nataka jibu moja. Nani anakaa kwenye kile kiti?

Mama yako mdogo


30 Juni

Shikamoo Mamdogo,

Ni Baba.

Alinitafuta mwaka juzi. Alipata namba yangu kiwandani, alikuwa anaulizia vigae. Ana kiwanda cha mabati sasa. Tukaanza kuongea. Sikukwambia kwa sababu nilijua utasema nini, na nilijua na sauti utakayoisema nayo.

Mama mkwe aliponiuliza wazazi wangu wanafanya nini, nilisema mama amefariki, baba ana kiwanda. Hapo sikudanganya. Akaniuliza, maskini, nani alikulea sasa? Nikasema Baba. Neno likatoka tu. Likishatoka huwezi kulirudisha, maana aliinuka akanikumbatia, akasema mwanaume aliyelea mtoto peke yake ni mtu wa kuheshimiwa. Baadaye wakauliza wewe ni nani unayenitumia barua kila mara. Nikasema jirani yetu wa zamani, tumezoeana.

Haya, umejua. Kasirika. Lakini na mimi nina hasira zangu, na leo utazisoma.

Ulinilea, Mamdogo. Hakuna siku niliyoruhusiwa kusahau. Sijawahi kula sahani moja kwako bila kusikia nani kapika. Sijawahi kuvaa sketi bila kusikia nani kashona. Nikishinda mtihani, "unaona, mimi niliyekulea." Nikianguka, "yaani mimi niliyekulea!" Na jina la Baba halikutajwa ndani ya nyumba ile. Ulimkata kwenye picha ya harusi yao kwa mkasi wako wa vitambaa. Mama amebaki peke yake, amesimama anacheka, na begani kwake kuna mkono usio na mwenyewe. Nimekua naangalia ule mkono. Vidole vyake navijua kuliko vyangu. Hukuniacha hata niulize ni wa nani.

Nilitaka siku moja tu. Siku moja nisimame mbele za watu niwe mtu mwenye baba. Nikajua ukikaa pale wewe, yeye hawezi kukaa. Nikachagua. Ukija nitafurahi. Usipokuja nitaelewa.

Kijiti


11 Agosti

Kijiti,

Tiketi imefika. Babu yako hajui lolote katika haya, na hatajua. Anadhani nakwenda kukaa kwenye kiti kikubwa, ameniambia nisiegemee sana.

Ile picha niliikata kwa mkasi mkubwa, na ukiniletea nyingine leo nitaikata tena. Mkono niliuacha kwa sababu ulikuwa juu ya bega la dada yangu. Kuutoa ingebidi nimkate na yeye.

Na kama ulisikia kila siku nani kapika, ni kwa sababu aliyepika alikuwa mmoja.

Nakuja. Usinipokee uwanjani na baba yako, ukimleta nitageuza na ndege hiyo hiyo. Nakuja kwa sababu nimejifunza, na mimi sijifunzi kitu nikakifungia kabatini. Nitakaa mlangoni. Sitakusumbua.

Jirani yako wa zamani


3 Oktoba

Shikamoo Mamdogo,

Nimepiga simu kwa Babu, ameniambia umefika salama. Nimeshukuru. Amesema huongei.

Uliondoka bila kuniaga. Nilikuja hotelini asubuhi nikaambiwa umeshakabidhi ufunguo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ulichofanya. Nilikuwa na majibu tayari, nimeyapanga kwa lugha zote mbili. Kama ungesimama ukapiga kelele, ningesema umechanganyikiwa na safari. Kama ungemwendea Baba, niliwaambia vijana wa kiwandani wawe karibu. Unaona nilivyo. Nilikupangia walinzi kwenye harusi yangu.

Wewe ukaingia na gauni lako la zambarau, ukasalimia meza nzima kwa Kichina, mmoja mmoja. Wakakusifu. Nilikusikia kutoka mbali ukisema nali nali. Mwenyewe, bila kulazimishwa. Sahani zikapita juu ya bega lako na ukawa unasogea kuzipisha.

Baba alipewa chai. Alipokea kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na simu, kuna mtu alikuwa anamuuliza bei ya mabati. Akanywa, akarudisha kikombe, akaendelea kuongea. Nilikuwa bado nimepiga magoti.

Halafu tukaanza kuzunguka meza kwa meza kushukuru wageni. Tulipofika kwenu, mama mkwe akainua glasi yake ya juisi, na wewe ukaishusha ya kwako chini, chini kabisa. Akapendezwa. Akakuuliza, polepole ili uelewe, wewe ni nani wa bibi harusi. Nilikuwa nyuma yake. Ukasema wewe ni jirani. Ukasema unatengeneza makochi. Bila kukosea neno hata moja, nami ndiye mkalimani naweza kusema hivyo. Akakupigapiga bega akaenda meza nyingine.

Kwa nini, Mamdogo? Bora ungenifokea mbele yao. Nimekuwa nikisubiri unifokee tangu siku ile, na hasira yangu yote imebaki haina pa kwenda. Niambie kwa nini.

Kijiti


25 Oktoba

Kijiti,

Unataka nikuambie nilifanya vile kwa upendo, ili upate usingizi. Sikuambii hivyo.

Nilikuja nimejiandaa kusema. Ndege nzima nilikuwa nasema. Na sikuhitaji sentensi, nilihitaji neno moja. Mama. Ningesema neno hilo moja tu, wangeelewa wote, mpaka wapishi kule jikoni. Yule mwanamke alipouliza, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakuangalia. Ulikuwa umefumba macho, mtu mzima na shela lake, umefumba macho kama mtoto mbele ya sindano.

Nikaona nikilisema mimi nitakuwa nimelipora. Mtu hajiiti mama mwenyewe mezani kwa watu, anaitwa. Basi nikasema jirani.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo soma vizuri, usilie ukaruka mstari. Sikukasirikia kiti. Viti natengeneza kila siku, najua ni mbao na sponji. Baba yako nimeshamkasirikia mpaka nimechoka, hana jipya. Nimekukasirikia wewe. Nilipanda ngazi ile ya chuma kwa miezi, nikachekwa na wauza simu, nikajifunza lugha ya watu uzeeni, ulimi unakataa, nausukuma. Nilijifunza kwa ajili yako. Na siku ya kwanza niliyoitumia kwa jambo la maana, niliitumia kusema uongo. Uongo wako. Umenifanya mwongo kwa lugha niliyojifunza ili nikuozeshe.

Mwalimu aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia nilieleweka. Sijarudi darasani.

Sikukuaga kwa sababu jirani haagi asubuhi, anaondoka na wageni wengine.

Usiniandikie kuniomba msamaha. Ukiandika nitaitumia kuwashia jiko. Kama una neno, wapelekee hao uliowadanganya. Mimi sikudanganywa, mimi nilikuwepo.

Mama yako mdogo


29 Novemba

Shikamoo Mamdogo,

Babu ameniambia kwenye simu kwamba umepata kazi ya kuvisha viti vya ukumbi mzima. Hongera. Najua ungesema ahsante na kunyoosha shingo.

Siombi msamaha. Nakuarifu tu.

Nimesema. Nilianza kwa mume wangu, akasema nenda kamwambie mama mwenyewe, mimi sikubebei. Nikaenda. Alikuwa jikoni anakata mboga. Nilijipanga kama ninavyojipanga kazini, nikasahau yote. Nikasema yule wa makochi si jirani. Yule ndiye aliyenilea. Yule ni mama.

Kisu kikasimama. Hakugeuka. Akauliza, "Yule wa zambarau? Aliyekaa mlangoni?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na nilimuuliza, na wewe ulikuwa nyuma yangu?" Nikasema ndiyo. Akaweka kisu, akafuta mikono, akakaa.

Nilidhani atanihurumia, Mamdogo. Alinikasirikia kwelikweli. Akasema ameendesha basi maisha yake yote, kwenye mvua na kwenye barafu, na hajawahi kumuacha mzee kituoni. Akasema, "Wewe umenifanya nimpite mtu mzima kituoni, nikimpungia mkono." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Wiki nzima hakunisemesha. Anasema na mwanawe, mimi ananipisha kama gari bovu.

Jana akaja na karatasi. Anataka kuja kwako yeye mwenyewe, mwezi wa pili. Anasema kukuita wewe uje tena ni kuongeza dharau. Na anataka nimfundishe lugha yetu. Nikamuuliza aanzie wapi, salamu, chakula, au njia. Akasema anataka kujua kwanza jinsi mtu anavyomwomba radhi mkubwa wake. Nikamwandikia, ameibandika kwenye friji, anaisoma kila akichukua mayai. Hatamki vizuri. Ulimi unakataa, anausukuma.

Baba hajapiga simu tangu harusi. Mimi nilimpigia mara moja, akasema yuko kwenye kikao.

Mimi nitakuja naye, nimtafsirie. Ukikubali.

Mwanao, Kijiti


20 Desemba

Kijiti,

Barua imefika. Babu yako mzima, ameelezwa kila kitu, na sasa amekununia wewe badala ya redio.

Mwambie huyo mama aje. Chumba cha nyuma nimekiondolea mbao na vitambaa, nimekipaka rangi, na godoro nimelivisha upya. Mwambie asihangaike kukariri sana hayo maneno ya kwenye friji, mtu anayejua kukasirika vile hana haja ya kuniomba radhi. Nimerudi darasani. Betri alinipigia makofi, nikamwambia akome.

Mkalimani hatumhitaji. Yeye anajua kidogo, mimi najua kidogo, na tukikwama tutanyamaza, sisi ni watu wazima.

Wewe usije. Nilidhani ukishasema nitapoa, na nilipofika pale uliposema "yule ni mama" nilikaa chini sakafuni katikati ya viti vya watu, lakini nilipoinuka nilikuwa bado nimekukasirikia. Haijaisha, na sitaki kujifanya imeisha. Nikimaliza nitakuita.

Mama yako